Nani aligusa mstari huu? Safari ya vyombo vya kutunza matoleo ya programu

Yeyote aliyewahi kushughulikia miswada ya tenzi zetu za kale analijua swali linalomkosesha mhakiki usingizi: ni nani aligusa mstari huu, lini, na kwa nini? Al-Inkishafi ni mfano mzuri. William Hichens alichapisha toleo lake mwaka wa 1939, lakini nakala zilizopo za utenzi huo hazikubaliani kuhusu idadi ya beti wala mpangilio wake. Mnakili huyu aliongeza, yule akaruka, wa tatu akasahihisha alichodhani ni kosa. Aghalabu hawakuacha maelezo pembeni. Sisi tuliokuja baadaye tumebaki kukisia.

Leo nataka tuwatazame watu waliokumbana na swali hilo hilo katika uwanja ambao wengi wetu wa lugha huuona ugenini: waandishi wa programu za tarakilishi. Wao pia huandika matini. Programu kubwa ni matini ya mamilioni ya mistari, iliyoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, na alama moja ikiwekwa pasipofaa, mashine inagoma. Tofauti yetu na wao ni kwamba tangu miaka ya sabini wamekuwa wakiunda vyombo vya kulijibu swali letu. Historia ya vyombo hivyo ina ugomvi, ina fahari, na ndani yake mna isimu tele.

Chombo cha kwanza kujulikana sana ni SCCS, kilichobuniwa na Marc Rochkind katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka wa 1972. Kwanza alikiandika kwa ajili ya mashine kubwa ya IBM, kisha kikaandikwa upya kwa ajili ya mfumo wa Unix, na mwaka wa 1975 akachapisha makala ya kitaaluma kukihusu. Wazo lake lilikuwa rahisi. Badala ya kuhifadhi faili nzima kila inapobadilishwa, hifadhi tofauti tu: mstari uliofutwa na mstari ulioongezwa, pamoja na tarehe, jina la aliyebadilisha na sababu yake. Diski za wakati huo zilikuwa ghali mno, kwa hivyo ubahili huo ulikuwa na maana. Lakini angalia jambo la pili. Sababu ya badiliko iliandikwa pamoja na badiliko lenyewe. Wanakili wetu wangefanya hivyo, nusu ya tasnifu za filolojia zisingekuwa na kazi.

Miaka kumi baadaye Walter Tichy, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Purdue, alileta RCS. Aliona kwamba watu wengi huhitaji toleo la mwisho, si la kwanza. Hivyo akaligeuza suala juu chini: toleo jipya kabisa likahifadhiwa zima zima, na ya zamani yakahifadhiwa kama tofauti za kurudi nyuma. Ukitaka la leo unalipata papo hapo. Ukitaka la mwaka jana, mashine inarudi hatua kwa hatua hadi ilifikie. Ni hekima ya mtu aliyewatazama watumiaji wanavyofanya kazi kabla ya kuandika.

Hata hivyo, vyombo hivi viwili vilikuwa na kasoro moja iliyowaudhi watu kweli kweli, nayo ni kufuli. Ukitaka kubadilisha faili, uliichukua na kuifunga. Mwingine hangeweza kuigusa hadi uirudishe. Hebu fikiria kamati ya kamusi ambapo mtu mmoja amechukua herufi M, akaenda likizo, na ufunguo yuko nao mfukoni. Wengine wote watakaa tu wakitazamana.

Aliyevunja kufuli hilo alikuwa mhadhiri, na kisa chake hunifurahisha kila nikikisoma. Dick Grune alifundisha katika chuo kikuu cha Vrije, Amsterdam. Katikati ya miaka ya themanini alikuwa akiandika programu ya kutafsiri lugha ya C pamoja na wanafunzi wake wawili. Ratiba zao hazikupatana hata kidogo: mmoja alifanya kazi saa za ofisi, mwingine hakuwa na saa maalumu, na wa tatu alipata nafasi jioni tu. Mhadhiri mwingine angewaamuru wanafunzi wafuate saa zake. Grune aliandika programu. Kila mmoja afanye kazi kwenye nakala yake wakati wowote, kisha chombo kiunganishe mabadiliko. Iwapo wawili wamebadilisha mistari tofauti, hakuna neno, yote yataingia. Iwapo wamegusa mstari ule ule, chombo kitapiga kelele na kuwaachia binadamu waamue. Aliitoa hadharani mwaka wa 1986 kwa jina la CVS, na baadaye Brian Berliner akaiandika upya kwa lugha ya C na kuikuza. Kwa zaidi ya miaka kumi CVS ikawa ndicho chombo cha watu wanaoshirikiana kuandika programu huria duniani.

CVS nayo ilikuwa na udhaifu wake. Ukiibadilisha faili jina, historia yake ilipotea kama mtu aliyebadilisha jina akahama mji. Mwaka wa 2000 kampuni ya CollabNet ilianzisha mradi wa kuirekebisha, na Subversion 1.0 ikatoka mwaka wa 2004. Ilikuwa kazi safi, na bado inatumika. Nitaipita haraka kwa sababu mwaka uliofuata mambo yalichacha kwingineko.

Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha Linux mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Utashangaa kwamba kwa takriban miaka kumi mradi huo mkubwa haukutumia chombo chochote cha kutunza matoleo. Watu walimtumia Torvalds marekebisho kwa barua pepe, naye akayatia kwa mkono. CVS hakuitaka hata kuisikia. Mradi ulipokua, barua zikawa nyingi kuliko uwezo wa mtu mmoja; marekebisho yakapotea, walioyatuma wakayatuma tena, yakapotea tena, na hasira zikapanda. Mnamo 1998 mzozo huo ulifikia hatua ya Torvalds kuhitaji mapumziko.

Larry McVoy, aliyewafahamu wote wawili, yaani Torvalds na shida yake, aliamua kuunda chombo cha kuiokoa hali. Chombo hicho kiliitwa BitKeeper. Kilikuwa na sifa moja ya kimapinduzi kwa watu wa Linux: hapakuwa na ghala moja la kati. Kila mwandishi alikuwa na ghala kamili, lenye historia yote, kwenye mashine yake. Lakini BitKeeper ilikuwa bidhaa ya kuuzwa. Kampuni ya McVoy iliwaruhusu waandishi wa programu huria kuitumia bila malipo, kwa masharti. Mojawapo ya masharti hayo lilisema kwamba anayeitumia bure asishiriki kuunda chombo cha kushindana nayo. Torvalds alikubali mwaka wa 2002. Wengi walinung'unika. Richard Stallman, baba wa vuguvugu la programu huru, alipinga waziwazi. Je, mradi mkuu wa uhuru utegemee kifaa ambacho ufunguo wake uko kwa mtu mwingine? Wazee wetu wana msemo mkali kuhusu nguo ya kuazima, na sehemu ya mwili isiyositiriwa nayo mnaijua.

Nguo ilivuliwa Aprili 2005. Andrew Tridgell, Mwaustralia aliyejulikana kwa programu ya Samba, aliandika chombo kidogo cha kusoma data kutoka kwa seva za BitKeeper. Hakuwa mtumiaji wa BitKeeper, kwa hivyo hakuwa amekubali masharti yake. McVoy aliona huo ni uvunjaji wa mapatano, akaliondoa toleo la bure. Torvalds alimkasirikia Tridgell, ingawa wote wawili walikuwa wakifanya kazi na shirika moja, OSDL. Baadaye mwezi huo huo Tridgell aliwaonyesha watu, katika mkutano huko Australia, jinsi alivyoanza: aliunganisha mashine yake na seva, akaandika neno la kuomba msaada, na seva ikamworodheshea amri zake. Ukumbi uliangua kicheko.

Nani alikuwa na haki? Mimi sioni kwamba McVoy alikuwa mwovu. Alitumia fedha na miaka yake, na mwenye duka ana haki ya kufunga duka. Aliyekosea hesabu ni Torvalds, aliyeitia historia ya kazi ya maelfu ya watu ndani ya chombo ambacho hangeweza kukitengeneza mwenyewe kikiharibika. Sifa yake ni kile alichokifanya baada ya hapo.

Alianza kuandika tarehe 3 Aprili 2005. Tarehe 7 Aprili, siku nne tu baadaye, chombo kipya kilikuwa kinatunza historia yake chenyewe. Kufikia Juni kilisimamia toleo la 2.6.12 la Linux. Alikiita Git, neno ambalo katika Kiingereza cha mtaani cha Waingereza ni tusi dogo kwa mtu msumbufu, akatania kwamba yeye ni mwenye majivuno, kila anachokiunda hukipa jina lake. Inafaa kuongeza kwamba hakuwa peke yake. Mwezi ule ule Matt Mackall alitangaza Mercurial, chombo kingine kilichozaliwa na mzozo ule ule, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba kilikuwa rahisi zaidi kujifunza. Siwapingi.

Ndani ya Git mna wazo moja linalostahili kuelezwa polepole. Kila kinachohifadhiwa, iwe faili au tukio la badiliko, hupigiwa hesabu inayotoa muhuri wa alama 40. Badilisha herufi moja tu, muhuri wote unabadilika. Kisha kila tukio hubeba ndani yake muhuri wa tukio lililolitangulia. Kwa hivyo ukienda kisirisiri kugeuza jambo la miaka mitano iliyopita, muhuri wa jambo hilo utabadilika, na wa lililofuata, na wa lililofuata, hadi leo. Kila mwenye nakala atajua. Wasomaji waliopitia madrasa watakumbuka sanadi, ule mnyororo wa wapokezi unaoipa hadithi nguvu. Hapa mnyororo umefungwa kwa hesabu badala ya uadilifu wa mpokezi. Torvalds hakulibuni wazo hilo kutoka hewani. Chombo kiitwacho Monotone kilikuwa kimeshalitumia.

Torvalds hakukaa sana na mtoto wake. Julai 2005 alimkabidhi Junio Hamano, ambaye ameusimamia mradi tangu siku hizo. Nionavyo, hapa ndipo historia ya Git inapotupa sisi watu wa lugha chakula cha kutosha, kwa maana sehemu kubwa ya lawama dhidi ya chombo hiki haikuhusu hesabu zake. Ilihusu maneno yake.

Chukua amri 'checkout'. Ilitumika kuhama kutoka tawi moja hadi jingine. Ikatumika pia kurudisha faili katika hali yake ya awali, jambo linaloweza kufuta kazi yako ya mchana kutwa bila kuuliza. Kitenzi kimoja, kazi mbili zisizofanana, moja yake ya hatari. Kiswahili kina 'piga', nasi hupiga simu, pasi, kura na mswaki bila mtu kuumia, kwa sababu nomino inayofuata hutuongoza. Mashine haina huruma hiyo. Ilichukua hadi Agosti 2019, katika toleo la 2.23, kwa amri mbili mpya kuletwa ili kutenganisha maana hizo. Kwa upande wa pili kuna sehemu ya maandalizi ambamo mabadiliko hupangwa kabla ya kuhifadhiwa. Hiyo imepewa majina matatu: 'index', 'cache' na 'staging'. Mwanafunzi anayeanza hudhani ni vitu vitatu. Polisemia huku, usinonimia kule. Wahandisi waligundua kwa jasho mambo tunayoyafundisha mwaka wa kwanza.

Na siasa ya lugha haikukosekana. Tawi kuu la kazi kwa desturi liliitwa 'master'. Mwaka wa 2020, katika vuguvugu la kupinga ubaguzi nchini Marekani, neno hilo lilitiliwa shaka kwa sababu ya harufu yake ya bwana na mtumwa. Git iliruhusu mtumiaji achague jina la tawi la kwanza, na kuanzia Oktoba mwaka huo ghala mpya za GitHub zikaanza na 'main'. Wapo waliocheka. Mimi ninayetoka katika bara lililohesabiwa upande wa mtumwa sikuona la kuchekesha, ingawa nakiri ningependa kuona nguvu kiasi hicho ikielekezwa pia kwenye mishahara.

Marekebisho magumu zaidi yanahusu ule muhuri. Hesabu iliyotumika, SHA-1, ilivunjwa hadharani Februari 2017 na watafiti wa taasisi ya CWI, Amsterdam tena, wakishirikiana na Google: walitengeneza faili mbili tofauti zenye muhuri mmoja. Git iliweka kinga ya kutambua hila hiyo mwaka huo huo, na mwaka wa 2020 toleo la 2.29 likaleta, kwa majaribio, hesabu yenye nguvu zaidi iitwayo SHA-256. Kuhama kabisa ni kazi ya miaka. Kila muhuri wa zamani umetajwa mahali fulani, na huwezi kubadilisha msingi wa nyumba huku wapangaji wakiwa ndani wanapika.

Kuna kinaya ambacho sitaki tukikwepe. Git iliundwa ili pasiwe na ghala la kati, kisha mwaka wa 2008 ikaja GitHub, na dunia nzima ikarudi kupanga foleni mlango mmoja. Microsoft iliinunua mwaka wa 2018 kwa dola bilioni 7.5. Mwaka wa 2019 watumiaji walioko Iran, Syria na Crimea walijikuta wamezuiwa kutumia baadhi ya huduma zake kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Ni kweli, historia ya kazi yao ilibaki kwenye mashine zao. Hilo Git iliwahakikishia. Lakini majadiliano, malalamiko na maelezo ya kwa nini jambo fulani liliamuliwa hayamo ndani ya Git. Yamo kwa mwenye duka. Ushahidi, programu iliyozaliwa hapa kwetu Januari 2008 katika moto wa vurugu za baada ya uchaguzi na kutumika hadi Haiti mwaka wa 2010, msimbo wake uko pale pale GitHub. Sijui vijana wangapi wa Nairobi hujiuliza nakala yao nyingine iko wapi.

Basi tuyaiteje mambo haya kwa Kiswahili? Vijana husema 'nime-commit, naka-push', na sitawacheka, wana kazi ya kumaliza. Baadhi ya istilahi zinajileta zenyewe: toleo, tawi, kuunganisha, mgongano. Kwa mahali pa kuhifadhia nimetumia 'ghala', kwa sababu 'hifadhi' masikioni mwa Mkenya tayari ina ndovu ndani yake. Kigumu ni 'commit'. Wengine wamependekeza 'kuwasilisha'. Hapo ndipo historia inapoamua. Katika CVS na Subversion, kitendo hicho kilipeleka kazi yako kwenye ghala la kati. Kuwasilisha kungefaa kabisa. Katika Git, neno ni lile lile lakini maana imehama: unaandika tukio katika ghala lako mwenyewe, na hakuna mwingine anayelijua hadi ulipeleke kwa amri nyingine. Anayetafsiri kwa kutazama kamusi ya Kiingereza peke yake atakosa badiliko hilo. Pendekezo langu ni 'kusajili' kwa kitendo cha kwanza na 'kupeleka' kwa cha pili. Atakayeleta bora zaidi nitamshukuru.

Na hapo tunagusa nyumba yetu wenyewe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka wa 1981, toleo la pili 2004, la tatu 2013. Ukitaka kujua fasili ya neno ilibadilika vipi, unaziweka tatu mezani na kupekua ukurasa kwa ukurasa. Ukitaka kujua kwa nini, kurasa hazikwambii. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003 na ambayo wenzangu wengi huidharau, inakuonyesha kwa kubofya mara moja kila badiliko, tarehe yake na akaunti au anwani iliyolifanya. Orodha zetu za istilahi ni maandishi ya kawaida tu, istilahi moja kwa kila mstari. Zinaweza kuwekwa katika ghala la namna hii wiki hii hii, bila kununua chochote: istilahi, jina la aliyeipendekeza, tarehe, na sentensi mbili za sababu. Kongamano likiamua vingine mwakani, uamuzi wa zamani haufutwi, unabaki chini ya mpya.

Ningeanza na neno 'tarakilishi'. Tanzania wanasema kompyuta, wengine walijaribu 'ngamizi', sisi tukashikilia letu. Husemwa kwamba lina 'tarakimu' na 'akili' ndani yake. Nani alilipendekeza kwanza, katika kikao gani, na wenzake walimjibu nini?